Kumgeuza Majivu

Fahali aliyemuua Harmen Terpstra alizaliwa zizini kwake, na alipokuwa ndama mke wa Harmen, Hiske, ndiye aliyemnywesha maziwa kwa ndoo. Asubuhi moja ya Machi Harmen aliingia kumwekea majani makavu ya kulalia. Fahali akambana kwenye vyuma vya hori, akarudi nyuma kidogo, akambana tena. Hiske alipofika mumewe alikuwa bado anapumua. Alichukua uma wa kugeuzia nyasi akampiga fahali mgongoni, shingoni na kwenye mbavu, mpaka mpini ukakatika mikononi mwake. Fahali hakugeuka hata kumtazama. Aliendelea na alichokuwa akifanya, kama mtu anayeshindilia mlango usiotaka kufunga.

Mtoto wao Rinse alikuja mbio na trekta yenye meno ya kubebea marobota ya nyasi. Alimchoma fahali yule ubavuni, akamwua hapohapo. Walipomvuta Harmen kutoka kwenye vyuma hakuwa na la kusema tena.

Hayo yalitokea Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, katika nyumba ambayo ukoo wao ulikuwa umekamua ng'ombe tangu enzi za babu zao. Watu wa kwao walidhani Hiske atakaa dirishani na kushona. Yeye alimwachia Rinse ng'ombe, zizi na deni la zizi, akachukua gari kuukuu la kusafirishia ndama, akaliosha kwa mpira wa maji, akaweka godoro na jiko la gesi ndani.

"Unakwenda wapi?" Rinse alimuuliza.

"Kusini."

"Kusini ipi?"

"Kusini kusiko na matope."

Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita, na hakuwa amewahi kulala nje ya Uholanzi. Ufaransa alilala katika maegesho ya malori. Alfajiri mwanamume mmoja alivunja kioo cha gari na kuingiza mkono. Hiske aliushika mkono ule, akauzungushia mnyororo wa kuvutia ndama tumboni mwa mama zao, akavuta. Madereva wa malori walipoamka walimkuta mwizi analia, bega limechomoka, na bibi mmoja mfupi mwenye mvi anamwambia kwa Kifrisia, lugha ya kwao, atulie. Polisi walimtoza faini. Alilipa, akauliza njia ya Hispania, akaendelea.

Alifika Benimassor, nyuma ya milima ya Valencia, mwezi wa Novemba, akanunua nyumba ndogo. Bondeni hapa tupo wengi tuliotoka kaskazini tulipostaafu au tulipochoka na mvua: Waholanzi, Wajerumani, Wanorwei. Tunacheza karata, tunakunywa mvinyo saa tano asubuhi na tunalinganisha magoti yanayouma. Hiske alivumilia msimu mmoja wa baridi. Akatoka kwenye karata akajifunza kuogelea baharini, akavunja kidole cha mguu mlimani, akashuka mwenyewe. Jirani yake, mjane aitwaye Remei, alimtazama akichechemea kupandisha ngazi akacheka.

"Wenzako wanakuja huku kufia juani, Hiske. Wewe utafia wapi?"

"Bado natafuta mahali," Hiske alisema.

Agosti ikaja, na pamoja nayo ng'ombe. Hapa kwetu kila sikukuu ya kijiji mtaa mkuu unafungwa pande zote mbili. Kando ya kuta husimamishwa vizimba vya vyuma vya wima, vyuma vimeachana kiasi cha mtu kupenya kwa ubavu na ng'ombe kushindwa. Kisha ng'ombe wa porini mwenye pembe kamili anaachiliwa, na anayetaka kuingia naye mtaani anaingia. Hakuna upanga, na ng'ombe hauawi pale. Wanaovunjika ni watu.

Hiske alitazama siku moja tu. Siku ya pili alipenya vyuma akaingia, kwa sababu, alisema, huyu ni mtamba tu, ng'ombe jike asiyezaa bado, na yeye amekulia zizini kati ya mitamba tangu utoto. Mtamba alipomjia, alifanya kile ambacho kila mkamuaji wa kwao hufanya: alisimama imara, akapanua mikono awe mkubwa, akatoa sauti ya chini, "Hooo, hooo." Huko Friesland ng'ombe akikuona hivyo anapinda pembeni. Ukikimbia ndipo anakufuata.

Mtamba hakupinda. Alimchukua tumboni, akamrusha juu, akampokea tena alipokuwa anaanguka. Hiske alipokuwa chini akikanyagwa, Batiste, mwenye bucha na mkuu wa chama cha ng'ombe cha kijiji, alikuja na shati mkononi, akalipitisha mbele ya jicho la mnyama, na mnyama akaondoka naye. Watu wengine wakamvuta Hiske kwa ukosi kupitia kwenye vyuma.

"Ulikuwa unamkaribisha chai?" Batiste alimfokea aliporudi, jasho likimtiririka. "Unasimama na mikono wazi kama msalaba! Wewe mama, una akili?"

"Kwetu anapinda," Hiske alisema. Damu ilimtoka mdomoni.

"Kwenu anatoa maziwa! Huyu hana cha kukupa ila pembe."

Mbavu nne zilivunjika. Batiste alipokwenda kumwona hospitali na chupa ya mvinyo, alitarajia maneno ya kuapa kwamba hatarudia. Hiske alikuwa na swali.

"Ulimgeuzaje?"

"Nani?"

"Yule mnyama. Alikuwa juu yangu, ananimaliza. Wewe ulikuja na shati, akageuka. Ulimgeuzaje?"

Batiste alikuna shingo. Ni jambo analolijua tangu akiwa na miaka kumi na hakuwahi kuombwa kulieleza. "Humpigi," alisema mwishowe. "Ukimpiga mgongoni, maumivu anayaweka kwenye hesabu ya kilicho mbele yake. Anazidi kukimaliza. Lazima uingie kwenye jicho. Karibu kabisa, mpaka anasikia pumzi yako. Unampa kitu kinachokimbia, naye anaacha kilicholala. Halafu unakata kona, kwa sababu yeye hawezi kukata kona kama wewe."

Hiske aligeuza uso ukutani. Batiste alifikiri mbavu zinamuuma, akamwita nesi.

Majira ya baridi yaliyofuata, kila Jumamosi, Hiske alikwenda kwenye banda la nyuma ya bucha. Pale wana toroli la gurudumu moja lililofungwa pembe halisi mbele, na vijana wa kijiji hufundishwa nalo. Batiste alilisukuma kwa nguvu zake zote na hakumhurumia. Mapaja ya Hiske yalikuwa ya bluu kuanzia Novemba mpaka Pasaka. Kosa lilikuwa lilelile kila mara. Toroli likimjia, miguu yake inasimama na mikono inafunguka yenyewe.

"Mikono!" Batiste alipiga kelele, na toroli likamgonga. "Shusha mikono, bibi wa maziwa! Jifanye mwembamba! Zunguka!"

Mwaka wa pili alizunguka. Mwaka wa tatu aliingia mtaani na ng'ombe wakubwa, akawakata kona akiwa na koti la bluu la zizini la Harmen mkononi, na mara mbili alimtoa mtu chini ya pembe. Watu walimpigia makofi kutoka kwenye roshani. Mtu mmoja akampiga video.

Ndiyo video iliyomleta Rinse. Ilikuwa imezunguka Friesland nzima mpaka kwenye mkutano wa wafugaji, ambako watu walicheka, na Rinse alikuwa amekaa katikati yao. Aliendesha gari bila kulala, akaingia uani kwa mama yake bado ameshika funguo.

"Nimekupatia chumba kule kwetu, mjini Bolsward," alisema. Rinse ni mtu mkubwa, mwenye mikono kama majembe, na sauti yake haijui kunong'ona. "Kwenye nyumba ya wazee. Kipo chini, hakuna ngazi. Kuna kengele kando ya kitanda."

"Kengele ya nini?"

"Ukianguka."

"Nikianguka nainuka."

"Mama, una miaka sitini na tisa! Unarukaruka mbele ya ng'ombe kama kichaa, na mimi naulizwa habari zako mpaka na anayekuja kuchukua maziwa!" Alipiga meza, sahani ikaruka ikavunjika. "Usipokuja kwa hiari nakwenda kwa hakimu. Nitamwonyesha ile video. Nitasema akili zako hazikutoshi tena, na nyumba hii, gari lile, kila kitu chako kitawekwa chini ya mtu mwingine. Nitafanya hivyo, naapa."

Hiske aliokota vipande vya sahani kimoja kimoja. Alimjua mwanawe. Alikuwa mtu wa kufanya asemalo, kama baba yake.

"Kesho wanamwachia ng'ombe aitwaye Majivu," alisema. "Naingia mara moja. Pembe ikinigusa, hata kama ni nguo tu, nafungasha na tunaondoka pamoja kwenda kwenye kengele yako. Isiponigusa unarudi peke yako, na neno hakimu silisikii mpaka nizikwe."

Akanyoosha kiganja.

Mtu asiyetoka kaskazini asingeona uzito wa kiganja kile. Katika minada ya ng'ombe ya huko muuzaji hufungua kiganja na mnunuzi hukipiga akitaja bei, tena na tena, mpaka kofi la mwisho. Likishapigwa hakuna karatasi wala shahidi anayehitajika. Harmen aliwahi kumuuza hivyo ng'ombe wake bora, Klara, akiwa na hasira, akajuta kabla mkono haujapoa, na kesho yake akampeleka mwenyewe kwa mnunuzi huku akilia.

Rinse aliutazama mkono ule. "Hata nguo?" aliuliza.

"Hata nguo."

Akaupiga. Hiske akarudisha. Walipigana viganja mpaka vikawa vyekundu, kila mmoja kwa nguvu kuliko mwenzake, na kofi la mwisho lilisikika barabarani.

"Jamani, mnauana huko?" Remei aliita kutoka roshani yake.

"Tunafanya biashara!" Hiske alimjibu.

Majivu alikuwa ng'ombe jike wa rangi ya majivu, mwembamba, mzee. Ng'ombe aliyekimbizwa mara moja hufuata kila kinachotikisika. Huyu alikuwa amekimbizwa majira kumi katika vijiji vyote vya bonde na alishajua kwamba nyuma ya kitambaa kuna mtu. Husimama karibu na vyuma akiinamisha kichwa kama aliyechoka, mpaka mtu ajiamini. Pembe yake ya kushoto ilielekea chini kidogo, na ndiyo aliyoitumia. Alikuwa amempofusha mtu mmoja na kumtoa mwingine utumbo. Baada ya sikukuu yetu angechinjwa, kwa sababu watu wa vijiji vingine walishakataa kumpokea.

"Huyu si wa kuchezea," Batiste alimwambia Hiske kesho yake saa kumi na moja jioni, jua bado kali. "Mkate kona moja, utoke."

"Moja tu," Hiske alisema. Rinse alikuwa nyuma ya vyuma, mikono amefunga kifuani, anang'aa kwa jasho.

Majivu alitoka kwenye gari kimyakimya. Katika dakika za mwanzo alimvunja kijana mmoja mkono dhidi ya mlango wa duka la mikate, na mwingine akamtupa juu ya kizuizi. Kisha akasimama katikati ya mtaa, ulimi nje, anapumua. Hiske alipenya vyuma. Alitembea taratibu kwa upande, mwili ameuminya, koti la bluu limening'inia mguuni. Alipofika karibu alipiga ulimi mara moja.

Majivu alikuja. Hiske alimngoja mpaka watu wakaanza kupiga mayowe, akalipitisha koti, akakata kona. Pembe ya kushoto ilipita hewani mahali kiuno chake kilipokuwa. Aligeuka akaanza kurudi kwenye vyuma, na mtaa mzima ukapiga makofi. Biashara ilikuwa imekwisha, naye ameshinda.

Lakini Majivu alikuwa mwepesi wa kugeuka kuliko alivyoonekana. Alipopinda, kutoka mahali aliposimama Rinse ilionekana kana kwamba anamjia mama yake mgongoni. Batiste, aliyekuwa kando ya Rinse, aliona vizuri kwamba Hiske amemsikia na anajua. Akamshika Rinse shati. Shati likachanika. Rinse alijisukuma kupitia vyuma, akakimbia mpaka katikati ya mtaa, akasimama kati ya mama yake na mnyama. Akatanua miguu. Akapanua mikono yake mikubwa.

"Hooo," alisema. "Hooo, mama. Hooo."

Ndivyo walivyofundishwa wote wawili, na baba zao, na babu zao.

Majivu aliacha kilichokuwa kinatembea, akachukua kilichosimama. Pembe ya kushoto iliingia kwenye paja la Rinse ikazama mpaka mzizi. Alimwinua, mtu mzima wa kilo mia moja na zaidi, akambeba hivyohivyo mpaka kwenye vyuma, akambana pale. Akarudi nyuma kidogo. Akambana tena.

Wanaume walitoka pande zote. Mmoja alivuta mkia, wengine wakapiga kwa fimbo mgongoni na mbavuni, mlio wa fimbo ukasikika kama mazulia yanapigwa. Majivu hakugeuka.

"Msimpige!" Sauti ya Hiske ilipasuka. "Acheni kumpiga! Ondokeni!"

Aliingia kati ya pembe na vyuma, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya mtu. Aliweka uso wake karibu kabisa na uso wa mnyama, akafunika jicho lake kwa koti la Harmen, akalifunua, akalivuta. Jicho likalifuata. Hiske akarudi nyuma kwa kona, na Majivu akamwacha Rinse akamfuata yeye. Kona ilikuwa fupi mno. Pembe ilimpasua mkono kuanzia kiwiko mpaka karibu na kwapa, lakini hakuliachia koti. Alimwongoza mnyama yule mbali na mwanawe, nyumba baada ya nyumba, damu ikinyunyiza kuta, mpaka kwenye kisima cha kanisa. Hapo alilitupa. Majivu alilikanyaga koti, akalichoma, akalichana, akasimama juu yake, na wakamtia kamba.

Rinse hakufa kwa sababu ya Batiste. Damu ilikuwa inaruka kutoka pajani kwa mapigo. Batiste alipiga magoti, akaingiza ngumi nzima ndani ya tundu lile, akaushika mshipa kama anavyoushika kila siku buchani, akabaki hivyo akitukana watakatifu wote mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Alipanda nalo, mkono wake ukiwa bado ndani.

Hiske alishonwa mkono usiku uleule. Alipomwona Rinse amezinduka, alikuwa amevaa nguo za safari.

"Gari nimelifungasha," alisema. "Daktari akikuruhusu, tunaondoka."

"Kwenda wapi?" Sauti ya Rinse ilikuwa nyembamba.

"Bolsward. Kwenye kengele."

"Mama, acha hizo."

Alimwonyesha bandeji. "Pembe ilinigusa."

"Ilikugusa baadaye! Ulikuwa umeshamaliza, watu wanapiga makofi. Ungekuwa nje kama mimi nisingekuwa ng'ombe."

"Hatukusema baadaye wala kabla. Tulisema pembe ikinigusa. Baba yako alimtoa Klara kwa sababu ya kiganja, na mimi siwezi kuwa mdogo kuliko baba yako."

Rinse alifumba macho. Sisi tuliokuwa mlangoni tulidhani amelala. Midomo yake ilianza kutikisika, na kwanza hatukujua kama analia au anacheka.

"Baba nilimchomea fahali kwa trekta," alisema. "Nilimchoma, na bado hakumwachia. Fahali alikufa akiwa bado anambana. Hilo sikumwambia mtu."

"Nilikuwepo," Hiske alisema. "Mimi nilimvunjia mpini."

"Ulimgeuzaje huyu?"

"Ndicho nilichokuja kujifunza huku. Wewe unadhani nilikuja kuota jua?"

Nesi aliingia, akatazama dripu, akatoka. Rinse alivuta mkono wake usio na sindano kutoka chini ya shuka, akaufungua.

"Basi nakuuza," alisema.

"Unauza nini?"

"Wewe. Jana nilikununua, ni mali yangu kihalali. Sasa nakuuza kwako mwenyewe. Bei yake, usiingie tena mtaani."

Hiske alificha mkono nyuma. "Ghali mno."

"Usiingie na Majivu."

"Majivu anachinjwa Jumatatu. Hiyo si bei, hayo ni maziwa yaliyochacha."

Kiganja cha Rinse kilibaki wazi juu ya shuka.

"Basi unifundishe," alisema. "Kumgeuza. Hiyo ndiyo bei."

Hiske aliutoa mkono mgongoni. Kisha akampiga kiganja kwa mkono wake usioshonwa, kwa nguvu kiasi cha chuma cha dripu kuyumba, na nesi akarudi mbio akiuliza nani anampiga mgonjwa.

Majivu alichinjwa Jumatatu, na Batiste akaleta mchuzi hospitali kwenye sufuria iliyofunikwa taulo, kama ilivyo desturi kwa aliyeumizwa. Remei alikuwa ameuchemsha siku nzima na nyama bado ilikuwa kama kamba. Rinse alitafuna kipande kimoja mpaka taya zikachoka, akameza, akaomba kingine.

Alikaa kwa mama yake mpaka baada ya Krismasi, ng'ombe wake wakikamuliwa na jirani. Alipoweza kusimama bila magongo, mama yake alimpeleka Jumamosi kwenye banda la nyuma ya bucha. Batiste alilishika toroli, akakimbia nalo. Rinse alilitazama linavyomjia, akatanua miguu, na mikono yake ikafunguka yenyewe. Pembe zilimchukua tumboni, akaanguka chali juu ya vumbi la mbao.

Hiske alisimama juu yake. Koti la bluu, lililoshonwashonwa, lilikuwa mkononi mwake. Akamtupia kifuani.

"Tena," alisema.